Mtama kwa kware wa kizimbani: mpe, lakini usimshibishe

*Swali:* "Daktari, habari za kazi. Nafuga kware hapa Busia, upande wa Uganda. Ninao 60 kwenye vizimba vya waya, majike 48 na madume 12. Chakula cha kuku wa mayai kimepanda bei, kwa hiyo tangu mwezi uliopita nakichanganya nusu kwa nusu na mtama mwekundu. Jirani ananiambia kware ni ndege wa porini, kazi yake kula mbegu, hata hicho chakula cha dukani si lazima. Mwanzoni waliuchangamkia sana mtama. Sasa mayai yamepungua, mengine yana ganda laini mpaka yanabonyea, na wameanza kunyonyoana manyoya. Je, kosa ni mtama? Na kama si vizuri, niwape nafaka gani na kwa kiasi gani?"

*Jibu:*

Dada yangu, ndiyo, ni mtama. Lakini kosa haliko kwenye nafaka yenyewe, liko kwenye ile nusu. Kware anaweza kula mtama, ulezi, uwele na hata mahindi yaliyoparazwa, na atakua vizuri tu, ilimradi nafaka hiyo ya pembeni isizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku, na apewe jioni akiwa amekwisha kula chakula chake kamili. Kware mkubwa hula gramu 20 hadi 25 kwa siku. Kwa hao 60 wako, sehemu moja katika kumi ni kama gramu 150, yaani kikombe kidogo cha chai kwa kundi zima. Ukitaka nafaka ikupunguzie gharama kweli, njia yake ni nyingine: ipimwe, isagwe, na iingie ndani ya mchanganyiko pamoja na vitu vyenye protini. Nitakupa vipimo hapo chini.

Nianze na jirani yako, maana hoja yake naisikia kila mahali na si ya kipumbavu. Kware wa porini, hawa wanaoruka ghafla miguuni pako ukipita kwenye majani, kweli hula mbegu za nyasi. Lakini mvua zikinyesha na wakati wa kutaga ukifika, jike huyo hugeukia wadudu: mchwa, viwavi, panzi wachanga. Hutaga kiota kimoja, akalalia, akalea, basi. Wako wa kizimbani ni kware wa Kijapani, aliyechaguliwa na watu kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mayai. Anaanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7, na akitunzwa vizuri anatoa mayai 250 hadi 300 kwa mwaka. Angalia uzito: jike wa gramu 150 anatoa yai la gramu 10, sehemu moja katika kumi na tano ya mwili wake, karibu kila siku. Kuku wa kilo 2 anayetaga yai la gramu 60 hafiki hata nusu ya mzigo huo. Ndege mwenye kazi ya namna hiyo hawezi kuishi kwa riziki ya yule wa porini, na porini kwenyewe humwoni akitaga kwa mbegu tupu.

Sasa tupige hesabu ya kizimba chako. Jike anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 20. Akila gramu 25, hiyo ni gramu 5 za protini kwa siku. Chakula cha kuku wa mayai kwa kawaida kina asilimia 16 au 17, kwa hiyo hata kabla hujaongeza mtama alikuwa anapata gramu 4 na kidogo. Alikuwa anavumilia. Mtama una protini kama asilimia 10. Ulipouweka nusu, akabaki na gramu 3 na nukta, na ya mtama si protini nzuri, kwa sababu ina upungufu mkubwa wa laisini, kimojawapo cha viungo vinavyojenga protini ambacho ndege lazima akipate chakulani. Mwili wa ndege hauna mahali pa kukopa protini siku baada ya siku. Unapunguza mayai. Na mwenzake akiwa karibu ana manyoya, nayo ni protini tupu, basi anamnyonyoa. Msongamano na mwanga mkali navyo huleta kunyonyoana, lakini kwa maelezo yako ningeanza na chakula.

Ganda laini nalo lina hesabu yake. Ganda la yai moja la kware lina kalsiamu kama gramu 0.3. Ndege hunyonya karibu nusu tu ya kalsiamu anayoila, kwa hiyo chakulani inatakiwa ipatikane gramu 0.6 hivi kila siku. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 hivi. Gramu 12 na nusu za hicho zinampa gramu 0.44, na mtama kwa upande wa kalsiamu hauongezi kitu cha maana. Kwa wiki chache jike anachota kwenye mifupa yake. Ikishapungua huko, unaokota mayai yanayobonyea, na baadaye utaona majike wanaokaa chini hawataki kusimama. Kabla hujafika huko, weka leo hii chombo cha pembeni chenye maganda ya konokono na kome wa ziwani yaliyosagwa kwa chembe, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, na kiwepo mchana na usiku. Kware hatagi asubuhi kama kuku; wengi hutaga kuanzia alasiri hadi jioni, na ganda la yai la kesho hutengenezwa zaidi usiku. Ndiyo maana jioni asikose kalsiamu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haikuonyeshi. Asubuhi ukishaweka chakula, usiondoke. Simama kando ya kizimba umwangalie jike mmoja tu. Anatumbukiza mdomo, anaupiga upande mara moja, unga unaruka nje ya kihori. Anapiga upande wa pili, anaokota punje ya mtama, anarudia. Kware ni mchaguzi, anapenda punje kuliko unga. Kwa hiyo ile nusu kwa nusu yako iko kwenye ndoo tu. Wale wenye nguvu wanaofika kwanza wanakula mtama karibu mtupu, na kinachobaki chini ya kihori ni vumbi, nalo vumbi hilo ndilo lenye vitamini, chumvi na unga wa maganda uliolipia. Ukija jioni unaliona limebaki, unadhani wameshiba, unalimwaga. Kwa hiyo usichanganye kamwe punje nzima na unga kwenye chombo kimoja. Na juu ya unga laza kipande cha wavu wa waya wenye matundu ya kupitisha mdomo. Wataudonoa bila kuurusha, na utashangaa gunia linavyodumu.

Kuhusu rangi ya mtama wako. Mtama mwekundu au wa kahawia mara nyingi una tanini nyingi, kemikali yenye ukakasi, ndiyo silaha yake dhidi ya ndege shambani, na wakulima wanaupendea hilo. Ile tanini inashikana na protini tumboni, ndege anaitoa kwenye mavi bila kuitumia. Kwa maana hiyo hata ile gramu 3 na nukta niliyokuhesabia hakuipata yote. Huhitaji maabara kuijua: tafuna punje chache. Ukisikia ukakasi, ulimi unakauka na mashavu yanavutika kama umeuma ndizi mbichi, huo si wa kware anayetaga. Mweupe hauna shida hiyo. Uganda tuna Epuripur, mbegu nyeupe iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere ambayo wakulima wa Teso wanawauzia watengenezaji bia. Kwa ndege ni nzuri, na unaweza kushika nafasi ya nusu ya mahindi kwenye mchanganyiko bila hasara. Gunia la mwekundu ulilonalo, kama ni safi, sagia uji au liuze kwa wapika pombe. Ukiona uchungu kuliachia, tumia kidogo kidogo kwenye kile kikombe cha jioni mpaka liishe.

Nafaka za kikombe cha jioni ni hizi ninazozipenda: ulezi, kwa sababu mdogo na kware anaumeza bila shida, uwele, chenga za mchele, mtama mweupe uliovunjwa. Mahindi mazima hawezi, lazima yaparazwe mpaka yawe kama chenga za mchele. Simsim kijiko kimoja au viwili kwa kundi zima ni nzuri wakati wa kubadilisha manyoya, ina methionini, kiungo kingine cha protini ambacho soya inacho kidogo, lakini ina mafuta, usizidishe. Alizeti nzima achana nayo. Maharage mabichi usithubutu. Na ukiwapa punje, wape na changarawe ndogo ngumu, saizi ya chembe za sukari kubwa, kwenye chombo chake. Ndege hana meno, anasaga kwa firigisi, na firigisi bila mawe husumbuka. Yale maganda ya ziwani hayafanyi kazi hii, yanayeyuka. Ni vitu viwili tofauti.

Nije sasa kwenye gharama, maana najua ndiyo iliyokusukuma. Kundi lako linakula kilo moja na nusu kwa siku, kilo 45 kwa mwezi. Changanya kilo 50 kwa mara moja, usichanganye zaidi, vitamini hupotea zikikaa. Chukua mahindi yaliyosagwa kilo 25 (au mahindi 13 na mtama mweupe 12), soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 11, mukene (dagaa wadogo wa ziwani waliokaushwa) kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 3, pumba za mahindi kilo 2 na nusu, maganda ya ziwani yaliyosagwa kilo 3, chumvi gramu 150, na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, mara nyingi gramu 125 hadi 250 kwa kilo hizo. Hapo utapata protini ya asilimia 20 hivi na kalsiamu ya asilimia 2 na nusu, yaani kile hasa anachotaka jike wa kware. Nafaka imechukua nusu ya gunia, kama ulivyotaka, ila safari hii ina wenzake wa kuisaidia. Chumvi, primiksi na maganda vichanganye kwanza na kilo 2 za mahindi kwenye beseni, halafu ndipo uvimwage kwenye rundo kubwa na kupindua kwa sepetu mara kadhaa. Ukivitupa moja kwa moja, kware mmoja atakula chumvi ya wote.

Viwili katika orodha hiyo vinaharibu kazi mara nyingi. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo ikaange mpaka ganda lipasuke, rangi iwe ya dhahabu iliyokolea na ile harufu ya maharage mabichi iishe. Ikiungua nayo imeharibika. Mukene ndiyo penye wizi. Wewe uko karibu na Majanji, mwalo wa wavuvi pale ziwani, nenda mwenyewe ukanunue ule ulioanikwa juu ya chanja au nyavu, si ule wa kuanikwa chini. Ukiletewa na mchuuzi, tia konzi moja kwenye bilauri ya maji, koroga, acha dakika chache. Mchanga utakaa chini na utauona kwa macho. Nimekwisha ona bilauri yenye mchanga wa unene wa kidole; huyo mfugaji alikuwa analipia ufuo kwa kilo. Na kama mukene umetiwa chumvi, ondoa ile chumvi ya kwenye vipimo.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Watu wa kwetu wana mazoea kwamba mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu hawezi kuyala, basi ni ya kuku. Hapana. Ukungu ule hutengeneza sumukuvu, nayo inaharibu ini, inapunguza mayai, inafanya ndege ashindwe kupambana na magonjwa madogo, na kwa kifaranga inaua. Sumu hii ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ndege hasa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Na wewe wa Busia huhitaji kwenda mbali hivyo. Unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania na malori yakajipanga mpakani? Ilikuwa ni sumukuvu hiyo hiyo. Kuosha hakuitoi, kukaanga hakuimalizi, kusaga kunaificha tu.

Kinga yake ni ukavu. Nafaka ihifadhiwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13, na kipimo cha mtu asiye na mashine ni hiki: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia nafaka mpaka robo au theluthi, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa vizuri dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, nafaka bado mbichi, irudishe juani juu ya turubai. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi; iongezee jua kidogo ifike 13, ndipo iingie guniani. Gunia nalo liwe juu ya mbao, si sakafuni, wala lisiegemee ukuta.

Na tukiwa hapo kwenye magunia: mbegu za kupanda zenye rangi ya waridi, kijani au buluu zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu. Msimu ukiisha watu huwa na mabaki, wanaona hasara kuyatupa. Usiwape ndege, hata ukiziosha mara kumi.

Vifaranga, kwa kifupi, hawahusiki na nafaka hadi wafikishe wiki 4 au 5. Wanahitaji protini ya asilimia 24 na zaidi, na chakula cha vifaranga wa kuku wa nyama kina kama 22. Ongeza gramu 700 za unga laini wa mukene kwa kila kilo 10 na utafika. Chakula cha kuku wa mayai usiwape, kalsiamu ile inaumiza figo zao. Majini tia vikokoto kwenye kisahani, wanazama kwa urahisi mno.

Majani ni ziada nzuri na hayana gharama. Dodo (mchicha) iliyokatwakatwa, sukuma, kiganja kwa kundi mara chache kwa wiki. Kwetu mahindi mengi ni meupe, ndiyo sababu kiini cha mayai kinakuwa kimepauka na wateja wanalalamika. Majani yatakirudishia unjano. Parachichi lisiingie kizimbani, wala ganda lake wala jani. Kumbikumbi na nsenene (senene) wakija kwa msimu, wanyonyoe mabawa, waanike, wasage, wape. Ni chanzo kizuri cha protini, ilimradi hukuwaokota mahali palipopulizwa dawa.

Kuna kitu kimoja hukukitaja, nacho ni mwanga. Hapa karibu na ikweta mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, na jike wa kware anataga vizuri akipata saa 14 hadi 16. Balbu ndogo ya sola kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku inatosha, iwe saa zile zile kila siku. Kama mlikuwa nayo na imeungua mwezi huo huo uliobadilisha chakula, basi una sababu mbili, si moja. Umri pia utazame: jike aliyepita mwaka mmoja hatarudi kule alikotoka hata umpe nini.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Siku 3 za kwanza mchanganyiko mpya uwe robo, siku 3 zinazofuata nusu, kisha robo tatu, mpaka siku ya kumi uwe mpya wote. Maganda ya pembeni na balbu vianze leo. Waliojeruhiwa kwa kunyonyolewa watenge, maana damu ikionekana hawaachi. Ganda la yai ndilo litakalotengemaa kwanza, ndani ya wiki moja au mbili. Idadi ya mayai hupanda polepole zaidi, mpe wiki 3. Hesabu mayai kila jioni, uandike kwenye kalenda ya ukutani. Wiki 3 zikipita na bado hayapandi, au ukiona wanaharisha, wanakonda au wanakufa, chukua mmoja aliye hai anayeumwa na mmoja aliyekufa siku hiyo hiyo, uwapeleke kwa ofisi ya mifugo ya wilaya, pamoja na nusu kilo ya chakula wanachokula kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.